Almasi ya Kutengenezwa katika Upimaji wa Mionzi



Almasi imetukuzwa tangu zama kwa nuru yake, na sisi Watanzania wenye machimbo ya Mwadui hatuhitaji kuhadithiwa thamani yake sokoni. Lakini sifa ninayoileta mbele ya hadhara hii haionekani kwa jicho, nayo ni utulivu. Silikoni, itumikayo sana katika vigunduzi vya mionzi, ikitiwa umeme huvujisha mkondo hata pasipo mionzi, na uvujaji huo huzidi kila inapodhurika. Almasi, ambayo pengo la nishati yake ni elektronivolti 5.5 ilhali la silikoni ni 1.1, huvujisha kidogo mno, na kuing'oa atomu yake mahali pake hutaka takriban maradufu ya nishati ing'oayo ya silikoni.

Gharama ya ubora huu si halali kuificha. Ili kuzalisha jozi moja ya elektroni na tundu, ambazo ndizo ishara ya kigunduzi, almasi hudai elektronivolti 13 hivi, na silikoni 3.6 tu, kwa hiyo chembe ipitayo kasi huacha katika almasi jozi 36 hivi kwa kila maikromita, pungufu ya nusu ya zile za silikoni.

Jiwe la asili halikufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa kila moja lina uchafu wake. Njia iliyofungua mlango ni kuikuza almasi kutoka katika gesi: methani kidogo huchanganywa na haidrojeni nyingi katika kanieneo ndogo, mchanganyiko ukachochewa kwa maikrowevu hata ukawa plazma, na juu ya kitako chenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi kaboni hujipanga tabaka kwa tabaka, huku haidrojeni, kwa namna ya kustaajabisha, ikiila grafiti inayotaka kuota na kuiacha almasi. Kitako kikiwa silikoni, huota fuwele nyingi zilizobanana, ndogo chini na pana juu, ambazo mipaka yake hunasa chaji njiani. Ndiyo sababu upande wa chini husagwa ukaondolewa. Kitako kikiwa almasi, hupatikana fuwele moja safi, ila ndogo.

Huko kwenye maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kundi la utafiti la RD42 lilianza kuishughulikia kazi hii miaka ya 1990, na katika mtambo wa ATLAS viliwekwa vigunduzi vya almasi, vinne kila upande, mita 1.84 kutoka kitovu cha migongano ya protoni. Chembe zizaliwazo kitovuni huzifikia pande zote mbili wakati mmoja; zitokazo kwenye mwale wa protoni uliopotoka hugusa upande mmoja kwanza, na wa pili baada ya nanosekunde 12 hivi, na kwa tofauti hiyo hatari hutambulikana kabla vyombo vya ndani havijaungua.

Katika tiba ya saratani fadhila ni nyingine: kaboni, yenye namba ya atomu 6, hukaribiana na nyama ya mwili katika kupokea mionzi, na kigunduzi chake huwa kidogo kiasi cha kupima miale myembamba sana.

Rai yangu ni kwamba silikoni ibaki na maeneo mapana, na almasi iwekwe penye mionzi mikali au nafasi finyu. Nao wanaofundisha fizikia ya tiba wawahimize wanafunzi kukipa kigunduzi cha almasi dozi ya awali kabla ya kupima, ili mitego ya chaji iliyomo ijazwe. Asiyefanya hivyo huenda akasoma namba zisizo za kweli, na namba hizo ndizo zinazoamua dozi ya mgonjwa.