Zebaki na Ujauzito: Kwa Nini Tunachangia Vyombo vya Kuchomea Dhahabu



Kamati imeniomba nieleze fungu moja la makisio ya mwaka huu: vyombo vya kuchomea dhahabu kwa vikundi vya akina mama. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini fedha hizi zisiende kwenye madawati. Ni swali halali.

Kazi ya mialoni tunaijua. Zebaki hunasa dhahabu, kisha donge lake huchomwa, mara nyingi kwenye jiko la nyumbani. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Anayechoma huuvuta, na aliyekaa jirani akichambua mboga huuvuta pia. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Nyingine husombwa na mvua hadi mitoni na ziwani, hugeuka kuwa aina kali zaidi, nayo huturudia ndani ya samaki.

Zamani hata madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Mji wa Minamata, Japani, uliwaonyesha vingine. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa mwaka 1956. Akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, walizaa watoto walioharibika ubongo. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 unaitwa kwa jina la mji huo. Tanzania imeuridhia, nao unataka hatua za kukomesha uchomaji wa donge bila kufunika, na uchomaji kwenye makazi.

Hatuwezi kumwambia mama aache kazi inayomsomeshea watoto. Chombo kilichofungwa vizuri hunasa sehemu kubwa ya mvuke, huupoza, na zebaki hutumika tena, kwa hiyo naye huokoa fedha. Ila kisitumike nyumbani, na mjamzito asikaribie.

Ndugu zangu, dawati tusiponunua leo tutanunua mwakani. Ubongo ulioharibika tumboni haununuliwi mwakani. Risiti ya kila chombo mtaisoma kwenye mkutano mkuu ujao. Naomba bahasha zenu.