Kumfikia Kijana Asiye Shuleni, Chuoni wala Kazini: Wajibu wa Ngazi ya Mtaa na Kijiji



1. Utangulizi

Mada hii inamhusu kijana asiyesoma, asiye na kazi wala mafunzo yoyote. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 kijana mmoja kati ya watano duniani alikuwa katika hali hiyo, na kati ya kila watatu wa kundi hilo, wawili walikuwa wa kike. Hoja yangu ni moja: hapa Tanzania fursa za kumsaidia zipo, ila zinamsubiri aje mwenyewe ofisini. Aliyekata tamaa haji. Inatupasa sisi maafisa maendeleo ya jamii na watendaji wa mitaa na vijiji kumfuata.

2. Vijana hawa ni nani?

Tukisema vijana wa vijiweni, tunawaona wavulana tu. Msichana aliyeacha shule kwa ujauzito, anayelea mtoto na kumuuguza bibi, hakai kijiweni. Mchana kutwa yuko uani. Yuko pia aliyepata daraja sifuri kidato cha nne, wazazi wakaona fedha iliyobaki imsomeshe mdogo wake. Yuko aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani akarudi mikono mitupu, na mwenye ulemavu ambaye hajawahi kuulizwa anapenda kufanya nini. Mahitaji yao hayafanani. Semina moja ya ujasiriamali haiwezi kuwafaa wote.

3. Fursa zilizopo na vikwazo vyake

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Lakini mkopo huo huombwa na kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Aliyejitenga na wenzake hana kikundi.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi na pia hurasimisha ujuzi: aliyejifunzia gereji hupimwa na kupewa cheti. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, huwapokea waliokosa sekondari, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto mama zao wakiwa darasani. Tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika shule za mfumo rasmi.

Tatizo ni kwamba kila fursa iko kwenye ofisi yake. Kijana huambiwa aende kata, kata imtume wilayani, wilayani aambiwe arudi na barua ya mtendaji. Nauli inaisha kabla ya fomu kujazwa.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila mtaa na kijiji kiwe na orodha ya vijana hawa, iandaliwe kwa kupita nyumba kwa nyumba, na wasichana waulizwe wenyewe, si kusemewa na wazazi au waume. Orodha hiyo itunzwe kwa siri.

Pili, kila kijana apewe mtu mmoja wa kumsimamia, awe afisa maendeleo ya jamii au mtu mzima anayeaminika mtaani, amsindikize hadi fursa inayomfaa ipatikane.

Tatu, bajeti ya mafunzo ihesabu nauli, vifaa vya kazi na malezi ya mtoto. Mambo hayo ndiyo humtoa mtu chuoni, hata pale ada inapolipwa.

Nne, ufuatiliaji usiishie siku ya kukabidhi vyeti. Miezi ya kwanza ya kutafuta kazi au wateja ndiyo migumu zaidi.

5. Hitimisho

Taarifa zetu za robo mwaka huhesabu waliohudhuria mafunzo. Napendekeza kuanzia robo ijayo zioneshe pia wangapi tumewafuata majumbani, wangapi tumewafikisha chuoni, shuleni au kazini, na wangapi bado wanaendelea huko tulikowafikisha. Tusipohesabu hivyo, tutaendelea kuwahudumia walewale wanaoijua njia ya ofisini, na yule wa uani atazeeka bila kufikiwa.