Muuguzi Bingwa na Magonjwa Sugu Mukuru

Kazi ya muuguzi aliyesomea magonjwa sugu haiishii kwenye kupima presha. Hufundishwa kutambua figo zinazodhoofika, kukagua miguu ya mwenye kisukari kabla kidonda hakijatokea, na kuuliza kwa nini dawa zimekatizwa. Katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, jibu mara nyingi ni kibarua: anayengoja kuitwa kazini alfajiri kwenye lango la kiwanda hawezi kushinda kwenye foleni ya kliniki.

Kwa nini ufuatiliaji huu ni jambo zito? Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Upimaji umefika mlangoni. Anayegunduliwa sasa anahitaji mjuzi wa kumfuatilia kwa miaka, na hapo ndipo penye pengo kubwa.

Mafunzo ya kuziba pengo hilo yapo: chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC hutoa stashahada za juu, mathalani ya uuguzi wa figo. Kwa upande mwingine, wapo wanaohofia, na wana haki, kwamba anayekwenda kusoma huacha kituo bila mtu, kisha huvutwa na hospitali kubwa au ajira za ng'ambo.

Je, nani atalipa karo ya muuguzi wa zahanati ya mtaa, na nini kitamrudisha Mukuru akishahitimu?