Kuulinda Mwili Kabla ya Ugonjwa
(Maneno yaliyosemwa Kimuli, Kyerwa, katika siku za Yubile)



Nimepewa nafasi niseme habari za saratani, ambayo wengi huiita kansa, na za ugonjwa wa moyo. Labda mtu atauliza: Siku ya furaha, mbona habari za maradhi? Jawabu ni hili. Yubile ni wakati wa kuihesabu miaka tuliyopewa. Naye aihesabuye miaka iliyopita yampasa kuitunza ile ijayo.

Magonjwa waliyoyaogopa wazee wetu yalikuja kwa kishindo. Ndui, surua na homa kali zilijulikana na mji mzima siku ile ile. Lakini haya mawili huja kimya. Shinikizo la damu, yaani presha, laweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Mtu hulima, hula, huimba, na huku mishipa yake inaharibika, hata siku moja aanguke kwa kiharusi. Saratani nayo huanza kama jambo dogo lisilouma. Kwa sababu hiyo wengi hufika hospitali wamechelewa, tiba imekwisha kuwa ngumu, ndipo watu husema, "Kansa haiponi," au, "Amerogwa." Sivyo, ndugu zangu. Saratani nyingi zikionekana mapema hutibika, na nyingine zaweza kuzuiwa zisianze kabisa.

Tena tusidhani kwamba magonjwa haya tumezaliwa nayo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii huko Kenya, ng'ambo ya ziwa letu, aliandika habari za watu 1,000 hivi aliowapima shinikizo la damu. Aliona kwamba kwao halikupanda pamoja na uzee, kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Naye Hugh Trowell, daktari aliyekaa Uganda miaka mingi, ilikuwa mwaka 1956 ndipo alipotangaza habari za Mwafrika aliyepatikana na ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba, maana hapo kwanza ulikuwa adimu mno. Leo presha ni jambo la kila siku katika zahanati zetu. Je, damu yetu imegeuka? La, ni mwenendo wetu uliogeuka.

Basi tuanze na chakula. Ndizi kwa maharage, mboga za majani, maboga na matunda ya shambani ni chakula chema, wala mtu asikione haya. Kinachodhuru ni tulichokiongeza. Chumvi yote ya mtu mmoja kwa siku isipite kijiko kimoja cha chai. Na chumvi mbichi isiwekwe mezani. Mafuta yapunguzwe, na sukari katika chai pia. Mkulima apandaye vilima vyetu kwa miguu moyo wake wafanya kazi ya kutosha. Bali akaaye dukani, ofisini au juu ya pikipiki mchana kutwa, na atembee kwa haraka nusu saa kila siku, siku 5 katika juma.

Pili, tumbaku. Iwe ya sigara au ya kiko, huharibu mapafu na mishipa ya moyo pamoja. Nayo ya kutafuna huleta saratani ya kinywa. Avutaye nyumbani huwavutisha na watoto wake. Kuacha kuna faida hata kwa mzee.

Tatu, pombe. Najua naligusa jambo zito, maana katika nchi yetu ndizi huliwa na pia hunywewa. Lakini kweli haifichwi: pombe huleta saratani ya koo, ya ini na ya matiti, nayo hupandisha presha, wala rubisi haisameheki kwa kuwa ni ya nyumbani, seuze konyagi ya kienyeji. Najua pia kwamba wako akina mama waliosomesha watoto kwa fedha ya pombe. Siwahukumu. Nasema tu kwamba kahawa, maharage na ndizi za kuuza ni fedha isiyomrudia mnunuzi kwa maradhi.

Nne, ghala. Mahindi na karanga zisipokauka vema huota ukungu wenye sumu, iitwayo sumukuvu, nayo huleta saratani ya ini. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Zilizooza msile, wala msizitengenezee pombe, kwa maana sumu ile haiishi kwa kupikwa.

Tano, watoto. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, msimwache apone mwenyewe. Koo la namna moja lisipotibiwa kwa dawa iliyo sawa laweza baadaye kuharibu moyo wake daima.

Sasa nasema na akina mama, na waume zao wasikie. Katika Tanzania saratani iwapatayo wanawake zaidi ni ile ya mlango wa kizazi. Huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kiambukizwacho kwa kujamiiana. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Na tangu mwaka 2024 hutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hata 14. Wako wasemao kwamba chanjo hii huwafanya wasichana tasa. Neno hilo si kweli. Saratani yenyewe ndiyo iharibuyo kizazi. Tena mama aliyefika miaka 30 na aende kupimwa, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Mhudumu hupaka dawa iliyo kama siki, na mahali penye hatari huonekana peupe. Mara nyingi hutibiwa siku ile ile. Uvimbe katika titi, hata usiouma, na damu itokayo pasipo wakati wake, visifichwe.

Na mwenye presha asimeze dawa siku ya kichwa kuuma tu. Akijisikia vizuri, huenda ni kwa kuwa dawa yafanya kazi. Asiiache bila shauri la mganga wa zahanati.

Ndugu, angalieni njia. Zahanati ni karibu. Hospitali ya Nyakahanga ni mbele kidogo. Lakini ugonjwa ukikomaa, njia yapita hata Bugando huko Mwanza, au hata Dar es Salaam, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015. Hizo ni kilometa zaidi ya 1,000. Tunashukuru kwamba zipo. Lakini wangapi miongoni mwetu wana nauli? Mume anayemnyima mkewe nauli ya kwenda kupimwa leo, huenda kesho akauza ng'ombe na shamba, na asimpate mke.

Kwa hiyo naomba kila nyumba itoke hapa na azimio la mambo 3: kila mtu mzima apimwe presha mwaka huu, kila mama wa miaka 30 na zaidi aende kupimwa mlango wa kizazi, kila msichana wa umri uliotajwa apate chanjo. Wazee wa mitaa waulize habari hizi wanapotembelea nyumba, kama wanavyouliza habari za shule. Watoto wetu nao watasherehekea yubile yao; na tujitunze, ili wengi wetu tuwe pamoja nao.