Kuandika Mtandaoni kwa Malipo ya Sarafu za Kidijitali: Thamani Idumuyo Hujengwaje?

Mada kwa wakazi wa Kata ya Nambambo



Lipo swali ambalo wazazi wamekuwa wakiulizana barazani na vijana wakiulizana vijiweni. Inasemekana kuna majukwaa ya mtandaoni ambayo mtu akiandika makala, akaweka picha au simulizi, hulipwa kwa sarafu za kidijitali. Mzazi anauliza: hiyo ni kazi, au ni upatu uliovaa nguo mpya? Kijana anauliza: je, inaweza kumjengea mtu maisha?

Swali hili linastahili jibu la wazi, kwa sababu linagusa muda wa vijana na, katika kaya nyingine, fedha za korosho, ufuta na mbaazi. Majukwaa hayo yapo kweli, na wapo watu waliolipwa kweli. Hata hivyo, thamani inayodumu hukaa katika maarifa ya mwandishi, wasomaji wake na jina lake jema. Sarafu ni mavuno ya msimu tu. Anayeyachukua mavuno akadhani ndiyo shamba, hubaki mikono mitupu bei inapoanguka.

Jukwaa hilo hufanyaje kazi

Mfano unaofahamika zaidi duniani ni Steem, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016 na Wamarekani wawili, Ned Scott na Dan Larimer, pamoja na tovuti yake ya kuandikia iitwayo Steemit. Chini yake kuna daftari la pamoja la kidijitali, yaani blokucheni, ambalo nakala zake hutunzwa katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kila makala, kila kura na kila malipo huandikwa humo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; waasisi wa mitandao hii walitaka daftari lisiloweza kufichwa na mtu mmoja.

Malipo hupatikana hivi. Kila siku mtandao huzalisha sarafu mpya, na sehemu ya sarafu hizo hutengwa kwa ajili ya waandishi na wasomaji wanaopiga kura. Makala hupigiwa kura kwa siku 7, kisha malipo hugawanywa. Tangu mwaka 2019, nusu huenda kwa mwandishi na nusu kwa waliompigia kura. Uzito wa kura hutegemea kiasi cha sarafu ambacho mpigaji amekifungia ndani ya mtandao. Mwenye nyingi ana sauti kubwa, na mwenye chache ana sauti ndogo. Anayetaka kuzitoa sarafu alizozifungia hupewa kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Sarafu hizo huzalishwa na mtandao wenyewe, na huwa na thamani pale tu mtu mwingine anapokubali kuzinunua sokoni. Sarafu mpya zikizidi na wanunuzi wasiongezeke, bei hushuka. Hakuna mwajiri aliyeahidi mshahara, wala hakuna mahali pa kudai.

Bei hupanda, bei hushuka

Mwanzoni mwa Januari 2018 sarafu moja ya Steem ilifika zaidi ya dola 7 za Marekani. Kabla mwaka huo haujaisha, ilikuwa chini ya nusu dola. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo kampuni iliyokuwa ikiendesha Steemit ilitangaza kupunguza zaidi ya theluthi mbili ya wafanyakazi wake. Mwandishi aliyekuwa akipiga hesabu ya nyumba mwezi Januari, Desemba alikuwa akipiga hesabu ya bando.

Wakulima wa wilaya hii wanaielewa hali hiyo kuliko watu wengi. Msimu huohuo wa mwaka 2018 wakulima wa korosho wa kusini waliikataa bei ya wanunuzi mnadani, hadi Serikali ikatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilitikisika, lakini mikorosho ilibaki imesimama. Mkulima hakuukata mti kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Aliupalilia, akaupulizia dawa ya ubwiriunga, akasubiri msimu mwingine.

Kwa mwandishi, mti ni elimu anayoikusanya, ustadi wa lugha na watu wanaorudi kumsoma kwa sababu wanamwamini. Bei ya sarafu ikishuka, hivyo vitatu haviondoki naye akahama navyo. Lakini aliyetumia akiba yake kununua sarafu ili kura yake iwe nzito hana mti. Ana gunia la mazao ambayo soko lake limefungwa.

Jukwaa linapobadilisha mwenyewe

Mwezi Februari 2020 kampuni ya Steemit ilinunuliwa na Justin Sun, mwasisi wa mtandao mwingine uitwao Tron. Watumiaji wengi waliona kwamba mtu mmoja sasa ameshika sehemu kubwa mno ya sarafu na, kwa hiyo, ya kura. Mwezi Machi sarafu za wateja zilizohifadhiwa katika masoko makubwa ya kubadilishia fedha zilitumika kupiga kura katika mvutano huo, bila wateja wenyewe kuulizwa. Tarehe 20 Machi 2020 kundi kubwa la watumiaji lilijitenga na kuanzisha mtandao mpya uitwao Hive, likiwa limenakili makala na akaunti zilizokuwepo.

Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa kijana wa Nambambo. La kwanza ni la ufunguo. Katika mitandao hii mwenye mali ni yule anayeshika funguo za siri za akaunti. Waliokuwa na funguo zao waliikuta kazi yao katika mitandao yote miwili. Waliowaachia wengine sarafu zao waziweke, waliona sauti yao ikitumiwa na wengine. Aidha, ufunguo mkuu ukipotea hakuna ofisi inayoweza kuutengeneza upya. Uandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa kama hati ya shamba inavyohifadhiwa, na asipewe rafiki, fundi wa simu wala anayejiita wakala.

Funzo la pili ni kwamba daftari linaweza kudumu huku tabia ya jukwaa ikibadilika kwa usiku mmoja. Mwandishi mwenye busara hutunza nakala ya kila makala yake mahali pengine, na huwazoesha wasomaji kumtambua kwa jina lake, wamfuate popote aendapo.

Historia ya Nachingwea inafundisha hayohayo

Wazee wa hapa wanaufahamu Mradi wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilikusudia kufyeka mamilioni ya ekari za Tanganyika, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo matatu makuu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalishushwa, reli ikajengwa, mahesabu yakapigwa kabla udongo na mvua havijaulizwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Lakini si kila kitu kilitoweka. Bandari ya Mtwara ilibaki, kwa kuwa watu waliendelea kuihitaji hata karanga zilipokosekana. Mji wa Nachingwea nao ulibaki na kukua. Kilichojengwa kwa ajili ya ahadi ya faida ya haraka kiliondoka na ahadi hiyo. Kilichohudumia mahitaji ya kweli ya watu kipo hadi leo. Mwandishi na ajiulize swali hilo kila anapoanza makala: sarafu hii ikikosa bei kesho, je, andiko hili bado litamfaa mtu?

Nini kiandikwe

Maandiko ya namna hiyo hayakosekani hapa. Mkulima wa Newala, Tandahimba au Liwale anahitaji maelezo ya Kiswahili fasaha kuhusu namna ya kuutambua ubwiriunga mapema, kupogoa mikorosho na kuanika korosho ili zipate daraja la juu. Mnunuzi wa mbali anataka kujua stakabadhi ghalani hufanyaje kazi. Mwanafunzi anatafuta historia ya reli iliyong'olewa, ya kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO iliyokuwa Nachingwea, na ya mila za Wamwera. Mengi ya hayo yamo vichwani mwa wazee, wala hayajaandikwa. Kijana anayekwenda kuwauliza, akaandika kwa uangalifu na kwa ridhaa yao, anajenga ghala ambalo bei ya sarafu haiwezi kulibomoa.

Mfano wa uvumilivu upo nchini. Mpigapicha Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake mwaka 2005, wakati intaneti ilikuwa ya wachache na hakukuwa na sarafu ya kidijitali ya kumlipa mtu. Alichokuwa nacho ni kamera, mazoea ya kuweka habari siku hadi siku, na wasomaji Watanzania waliokuwa ndani na nje ya nchi. Jina lilitangulia, kipato kikafuata.

Tahadhari moja iongezwe. Kilichoandikwa kwenye blokucheni hakifutiki. Hata kikirekebishwa, nakala ya awali hubaki daftarini. Kwa hiyo picha ya mtoto, ugonjwa wa jirani au ugomvi wa ndoa ya mtu usiwekwe humo kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda kila mtu, na kufuta baadaye hakutawezekana.

Sheria inasemaje

Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini, na kwamba fedha halali ni shilingi ya Tanzania. Mwezi Juni 2021, akiwa Mwanza, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo ya teknolojia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Wananchi wasichanganye mambo. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Amana iliyo benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana. Sarafu iliyo kwenye simu haina kinga hiyo. Vilevile Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitungwa mwaka 2018, zikatungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Anayetaka kuendesha blogu ya habari aulize kwanza TCRA kama anahitaji leseni.

Kuhusu upatu, alama zake ni zilezile tangu DECI iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Mtu anaambiwa atoe fedha kwanza, alete wenzake, na faida ni ya uhakika. Jukwaa la kweli la uandishi halimtaki mwandishi alipie ndipo alipwe, wala haliahidi kiasi maalumu. Ujumbe wa kitapeli kwenye simu upelekwe TCRA kwa namba 15040, na aliyeibiwa aende kituo cha Polisi bila kuona haya.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, fedha ya mbegu, ada, matibabu au mkopo wa kikundi isinunuliwe sarafu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hutolewa kwa mradi ulioandikwa na kukubaliwa. Ni deni la kikundi kizima, na bei ya sarafu ikianguka deni halianguki nayo.

Pili, kijana aweke daftari. Akinunua bando la shilingi 1,000 kila siku, kwa siku 90 ametumia shilingi 90,000. Aandike pia saa alizotumia na kiasi alichopokea mkononi kwa shilingi, baada ya makato yote. Baada ya miezi mitatu, daftari litamwambia ukweli kuliko rafiki yeyote.

Tatu, shamba, ufundi au biashara iliyopo isiachwe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Uandishi uanze kama kazi ya jioni, na ukue kwa kadiri unavyojithibitisha.

Nne, wazazi wasiwakataze vijana kwa hofu tupu, nao vijana wasiwafiche wazazi. Kijana anayejifunza kuandika vizuri, kuhoji wazee, kupiga picha na kutunza kumbukumbu anapata ujuzi wa kumfaa popote, hata kama hatalipwa sarafu moja. Mwenye swali kuhusu vikundi na mikopo na afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Ndugu wananchi, anayepanda mkorosho leo anajua hatachuma kesho. Huchimba shimo, hupanda, hupalilia na kusubiri takriban miaka mitatu kabla ya kuona korosho za kwanza. Kijana wa Nambambo anayetaka kupanda maneno mtandaoni na asubiri kwa moyo huohuo, huku akiwa ameushika ufunguo wake mwenyewe.