Uhuru Wetu na Kikombe cha Pombe



Tusikiapo neno uhuru, wengi wetu twafikiri upesi juu ya mtawala na mtawaliwa. Leo tunataka kutafakari uhuru ulio karibu zaidi, yaani uwezo wa mtu kujiamulia namna ya kuishi. Tutautazama kwa njia ya jambo linalojulikana katika kila kigango: pombe.

Mara nyingi twasikia: "Nakunywa kwa fedha yangu, nanyi yawahusu nini?" Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mungu hakutuumba tuswagwe kama ng'ombe. Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anawaonyesha Waisraeli njia mbili, ya uzima na ya mauti. Anawasihi, lakini hawaburuti. Hata hivyo, uchaguzi ni uchaguzi kweli pale tu mtu awezapo bado kukataa. Mwanzoni mtu hukichagua kikombe. Mwili ukishazoea, mikono hutetemeka asubuhi, usingizi hupotea, na kikombe ndicho kinachomwamulia. Ajiteteaye hapo kwa jina la uhuru anatetea minyororo yake.

Tena, wako wanaofaidika na minyororo hiyo. Mwezi Novemba 2000, mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe haramu yenye methanoli. Mwili huigeuza sumu hiyo kuwa asidi iharibuyo mishipa ya macho. Wengi wao walikuwa wakazi wa mitaa ya maskini, waliotafuta kinywaji cha bei nafuu. Walichagua kunywa, hawakuchagua sumu. Hapo ndipo ulevi unapokuwa pia suala la haki.

Hapa Tanzania, Serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Bei yake ndogo ilikuwa imeifikisha mikononi mwa vijana, hata wanafunzi. Sheria ilifunga mlango mmoja. Milango mingine imo mikononi mwetu.

Kwanza, tuziangalie sherehe zetu za arusi na kipaimara. Kijana anayechekwa kwa sababu ameomba maji hajaachiwa uhuru wake.

Pili, mume na mke wapange pamoja matumizi ya fedha ya mavuno kabla ya kuuza, wakitenga kwanza chakula, matibabu na mahitaji ya shule. Uamuzi unaofanyika kilabuni huwa umechelewa.

Tatu, aliyefungwa na pombe tusimcheke wala kumtenga. Wala tusimshurutishe kuacha ghafla akiwa peke yake, kwa maana mnywaji wa miaka mingi akikatishwa ghafla aweza kupatwa na degedege, hata kufa. Jumuiya imsindikize hospitalini, kisha iendelee kumtembelea, kwa kuwa miezi inayofuata ndiyo migumu.

Ndugu, uhuru ni kama shamba: usipopaliliwa hurudi kuwa pori. Basi kila Jumuiya Ndogondogo ijiulize juma hili: Ni nani kati yetu ambaye pombe imemwondoa katika sala na katika kazi? Na ni nani atakayekwenda kumwona?