Mto wa Wenye Umri Mrefu

Katika jimbo la Queensland, mashariki ya Australia, hushuka kutoka milima ya Conondale mto uitwao Mary, nao, badala ya kuikimbilia bahari iliyo karibu nao upande wa mashariki, huelekea kaskazini mwendo wa takriban kilomita 300, ukipita malisho ya Kenilworth na mji wa Gympie, palipoonekana dhahabu mwaka 1867, kisha Tiaro na Maryborough, hata ukamwaga maji yake katika mlango wa bahari ulio baina ya bara na K'gari, kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko vyote duniani. Jina la Mary ulipewa mwaka 1847 kwa heshima ya mke wa gavana FitzRoy. Lakini Wakabi Kabi na Wabutchulla walikuwa wakiishi kandokando yake karne nyingi kabla gavana huyo hajazaliwa.

Mwenyeji mashuhuri wa mto huo ana udugu na samaki wetu. Aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Victoria anamfahamu kamongo, samaki avutaye pumzi kwa mapafu, ambaye maji yakikauka aweza kujizika topeni akangoja mvua. Ndugu yake wa Mary, ambaye kwa Wakabi Kabi ni samaki mtukufu, alipoelezwa kitaalamu na Gerard Krefft wa Sydney mwaka 1870, wataalamu walistaajabu mno, kwa kuwa meno ya jamaa zake walikuwa wakiyajua katika mawe ya kale tu. Huyu ana pafu moja, hutegemea zaidi matamvua, wala hana ile hila ya kujizika. Na mayai yake huyataga katika majani ya maji machache ya kingoni, akayaacha bila mlinzi, hali kamongo dume wa kwetu hukilinda kiota chake. Umri wake ni wa ajabu: mmoja aliyepelekwa Chicago mwaka 1933, hali amekwisha pevuka, aliishi huko hadi mwaka 2017.

Pamoja naye yumo kobe wa maji asiyepatikana katika mto mwingine wowote, ambaye akiwa chini ya maji aweza kuvuta hewa iliyomo majini kwa tundu la nyuma karibu na mkia. Miaka ya 1960 na 1970 vitoto vyake viliuzwa madukani kama wanyama wa kufugwa nyumbani, wala hapana mtaalamu aliyejua vinatoka mto gani, mpaka John Cann, baada ya kutafuta miaka mingi, akamwona, na mwaka 1994 yeye na John Legler wakampa jina la kitaalamu. Jike wake hatagi kabla ya kutimiza miaka ishirini na kitu.

Umri mrefu ni neema, lakini ndani yake mna hadaa. Mvuvi atazamaye majini akawaona kamongo wakubwa na kobe wakubwa mwaka baada ya mwaka hudhani mto u salama, kumbe yamkini mayai yameliwa na mbweha na mbwa, au mazalio yamezama, na wale awaonao ni wazee wasio na warithi. Maangamizi ya namna hii hayana mizoga, ndiyo maana serikali huchelewa kuyaona.

Mwaka 2006, ukame ulipoibana Brisbane na miji jirani, serikali ya jimbo ilitangaza kujenga bwawa kubwa katika mto huo, mahali paitwapo Traveston Crossing. Haja ya maji si ya kudharauliwa. Lakini bwawa huzizamisha zile kingo zenye majani ambamo kamongo hutaga, na Burnett, mto wa jirani wenye kamongo hao hao, ulikuwa umekwisha kuzibwa kwa bwawa la Paradise. Mwaka 2009 Peter Garrett, waziri wa mazingira wa serikali kuu, alilikataa shauri hilo, nami naiona hukumu yake kuwa ya haki, maana ukame ule ulikuwa wa muda, na hasara ya mazalio ingalikuwa ya daima.

Hata hivyo kulizuia bwawa si kuuponya mto. Mafuriko ya mwaka 1992 yalishusha tope katika ghuba ya Hervey, iliyo jirani na mlango wa mto huo, jua likafichwa, na majani ya bahari yakafa katika eneo la kiasi cha kilomita za mraba 1,000; na nguva, mnyama yule yule ambaye mababu wa Lamu na Rufiji walimjua vema, wakafa njaa au wakahama. Tope huzidi pale miti ya kingoni inapofyekwa, basi mkulima wa juu na nguva wa baharini wamo katika hesabu moja.

Huko Tiaro wako wenyeji wanaovilinda viota vya kobe mchangani wakati wa kutaga. Kazi yao yastahili fedha ya serikali kila mwaka, pamoja na sharti moja: kila taarifa juu ya mto huo itaje kwanza idadi ya vitoto vilivyoonekana, ndipo itaje wakubwa.